Jina la Nyumba Yenye Malango Mawili

Jioni moja mpwa wangu aishiye London alinipigia simu, akaniamkia shikamoo kwa haraka isiyo desturi yake, na kabla sijamaliza kumwitikia marahaba alisema, "Mjomba, kamera za nyumbani kwa mama zimepotea tena, jina naliandika vile vile, lakini haliendi popote." Nyumba yenyewe iko Ngamiani, Tanga, ambako dada yangu anaishi peke yake, na kamera nne pamoja na kinasa picha chake zilitiwa na mpwa wangu kwa gharama yake mwenyewe, ili apate kumtazama mamaye ingawa yuko mbali.

Nilikwenda kesho yake. Sebuleni nilikuta ruta mbili: ya kwanza, nyeupe, iliyoletwa na kampuni ya intaneti ikapigiliwa ukutani pale waya uingiapo, na ya pili, nyeusi, ambayo mpwa wangu aliinunua kwa kuwa ile ya kampuni haikuweza kufikisha waifai hata jikoni. Ya pili ilikuwa imechomekwa nyuma ya ya kwanza, na ndani ya hiyo ya pili ndimo alimoandikisha jina la nyumba, yaani jina la DDNS, ambalo yeye hulitumia kuifikia nyumba kutoka ng'ambo. Nilipoliuliza jina lile kwa data ya simu yangu, wala si kwa waifai ya nyumba, lilinijibu nambari 192.168.1.2. Hapo nusu ya kadhia ilikuwa bayana. Nusu ya pili ilinichukua hadi alasiri, na kwa kuwa nyumba zenye ruta mbili ni nyingi siku hizi, na mafundi wenye subira ya kueleza ni wachache, nimeona heri niandike hapa utaratibu wote wa kuitafuta hitilafu ya namna hii, ili wewe usipoteze alasiri yako.

Kila nyumba iliyounganishwa na intaneti hujulikana huko nje kwa nambari, na nambari hiyo, kwa wateja wengi wa majumbani, si mali yao bali ni ya kuazima: kampuni huitoa leo, na kesho umeme ukikatika huitwaa na kutoa nyingine. Mfumo wa majina uitwao DNS, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, ulitungwa kwa ajili ya mashine zisizohamahama, ambazo jina lao likishaandikwa daftarini lilitarajiwa kukaa na nambari yake kwa muda mrefu. DDNS ni tarishi aliyeongezwa baadaye: ni programu ndogo, aghalabu iliyomo ndani ya ruta, ambayo nambari ya nyumba ibadilikapo huenda mbio kwa mwenye daftari ikamwambia kwamba jina fulani sasa lina nambari fulani. Kazi yake ni hiyo tu. Haifungui mlango, hailindi nyumba, wala haijui kama kamera zako zimewaka au zimezimika, na watu wengi huilaumu kwa makosa ambayo si yake.

Falau nyumba ingekuwa na ruta moja, tarishi huyu asingepata taabu, kwa kuwa ruta iliyo langoni hupokea nambari ya hadharani kutoka kwa kampuni na kuijua kama mtu ajuavyo jina la mtaa wake. Lakini ruta iliyo nyuma ya ruta nyingine haipewi nambari na kampuni. Hupewa na ile iliyo mbele yake, na nambari ipewayo ni ya humo humo nyumbani. Nambari za IP za toleo la nne, zote pamoja, hazizidi 4,294,967,296, na ilipodhihirika kwamba hazitawatosha walimwengu, ilibuniwa mwaka 1994 hila ya kutafsiri anwani, iitwayo NAT, ambayo kwayo mashine nyingi hujificha nyuma ya nambari moja. Kisha mwaka 1996 yakawekwa rasmi mafungu matatu ya nambari za ndani, ambazo kila nyumba yaweza kuzitumia bila ya kumwomba mtu ruhusa, kwa sharti kwamba zisionekane nje. Ile 192.168.1.2 niliyojibiwa ni moja katika hizo. Tarishi wa ruta nyeusi hakusema uongo. Aliulizwa nambari yake, akaisema. Ni sawa na mtu aulizwaye huko London anwani ya nyumbani kwao naye akajibu, chumba cha pili mkono wa kushoto.

Lipo pia kosa jingine lililojificha chini ya hilo, na ndilo linalowachosha watu zaidi, kwa sababu huja na kuondoka. Tarishi wa ruta nyingi huamshwa pale tu nambari ya upande wa nje wa ruta yake inapobadilika. Sasa kampuni ikibadili nambari ya nyumba usiku wa manane, mabadiliko hayo yanaikuta ruta ya mbele peke yake. Ruta ya nyuma bado ina 192.168.1.2 yake ya jana na juzi, haikusikia kishindo wala hatua, na tarishi wake amelala fofofo ilhali jina lake huko nje limekwisha kuwa la nyumba ya mtu mwingine. Kwa hiyo hata ukimrekebisha tarishi leo akaandika nambari sahihi, kama hukumfundisha kuamka mwenyewe mara kwa mara, utarudi kwenye matatizo yale yale siku nambari itakapogeuka.

Basi, kabla ya kugusa kitufe chochote, chukua karatasi na kalamu uandike nambari tatu. Ya kwanza ni nambari ya upande wa nje wa ruta yako ya ndani, ambayo utaiona katika ukurasa wa hali ya mtandao wa ruta hiyo, aghalabu mahali palipoandikwa WAN. Ya pili ni nambari ya upande wa nje wa ruta ya kampuni, ambayo utaiona vivyo hivyo katika ukurasa wake yenyewe, na neno la siri la kuingilia mara nyingi limechapwa kwenye kibandiko kilicho chini yake. Ya tatu ni nambari ambayo ulimwengu unaiona, nayo utaipata kwa kufungua, kwa waifai ya nyumbani, tovuti yoyote katika zile zinazomwonyesha mgeni nambari yake ya IP. Nasisitiza kuandika, wala si kukumbuka, kwa sababu nambari hizi zafanana kama watoto pacha, na mtu akichoka huisoma moja akadhani ni nyingine. Mimi mwenyewe siku ile nilizichanganya mara mbili.

Ukishaziandika, zilinganishe. Ikiwa ya kwanza na ya tatu ni sawasawa, basi huna ruta mbili kwa maana tunayoizungumzia, na hitilafu yako iko penginepo. Ikiwa ya kwanza ni ya ndani, yaani huanza na 10 kisha nukta, au na 192.168, au na 172 ikifuatwa na nambari kati ya 16 na 31, ilhali ya pili na ya tatu zinalingana, basi wewe ni kama dada yangu: una malango mawili, yote mawili ni ya nyumbani kwako, na dawa iko mikononi mwako. Lakini ikiwa ya pili na ya tatu hazilingani, shusha kalamu upumue, kwa sababu kuna lango la tatu ambalo si lako.

Lango hilo la tatu ni NAT ya kampuni yenyewe. Upungufu wa nambari ulipozidi, hata ghala kuu la dunia likatoa mafungu yake ya mwisho mwezi wa Februari mwaka 2011, makampuni mengi yaliacha kumpa kila mteja nambari yake na badala yake yakawaweka wateja wengi nyuma ya nambari moja ya hadharani, kama wapangaji wa jengo refu wenye mlango mmoja wa barabarani na bawabu mmoja asiyepokea maagizo ya mpangaji. Mwaka 2012 likatengwa fungu maalumu kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, na ukiiona nambari ya ruta ya kampuni imo humo, usiwe na shaka tena. Baadhi ya makampuni hutumia zile zianzazo na 10 kwa kazi hiyo hiyo, na wenye intaneti ya laini ya simu wamo humo zaidi ya wengine. Hapo DDNS haina la kukufaa: jina lako laweza kuandikwa sahihi kabisa, likaonyesha nambari ya tatu bila ya kosa, na bado mgeni akija ataishia kwa bawabu wa kampuni, ambaye hajui amwelekeze kwa mpangaji yupi. Nimewaona vijana hodari wakibadili programu, wakabadili jina, wakanunua hata ruta mpya, nao wako nyuma ya lango hili na hawakupata kulinganisha nambari mbili.

Asiwepo mtu wa kukuhukumia jambo hili kwa kutazama njia ya data tu, kwa ile amri ya kufuatilia hatua moja moja hadi iendako. Amri hiyo ni nzuri kwa kuhesabu ruta zako: hatua ya kwanza ikiwa 192.168.50.1 na ya pili 192.168.1.1, una mbili. Lakini ukiona katika hatua ya tatu au ya nne nambari ianzayo na 10, hiyo si hoja ya kutosha, kwa kuwa makampuni hutumia nambari za ndani katika mitambo yao hata kwa wateja walio na nambari zao halali za hadharani. Ushahidi ni zile nambari mbili, ya pili na ya tatu.

Turudi kwa aliye na malango mawili yake mwenyewe. Dawa iliyo safi kuliko zote ni kuliondoa lango moja, na njia ziko mbili. Unaweza kuomba ruta ya kampuni iwekwe katika hali ya bridji, ambapo huacha kazi ya uruta na kuwa daraja tu la kupitishia data, na nambari ya hadharani ikaiangukia ruta yako. Tarishi wako hapo hahitaji kufundishwa kitu. Au waweza kufanya kinyume chake, ukaiacha ruta ya kampuni iwe ruta pekee, na hiyo yako ukaigeuza kuwa kisambaza waifai tu. Njia hii ya pili watu huidharau, lakini kwa nyumba iliyonunua ruta ya ziada kwa ajili ya waifai peke yake, kama nyumba ya dada yangu, haina kasoro isipokuwa moja: ruta nyingi zikiwekwa katika hali hiyo huzima huduma yao ya DDNS, na tarishi itakubidi umhamishie ruta ya kampuni, kama inayo, au kompyuta isiyozimwa.

Njia ya bridji niliijaribu kwanza. Niliipigia kampuni simu, nikaelekezwa kwa mtu, naye akanielekeza kwa mtu, na wa tatu akaniambia kwamba jambo hilo haliruhusiwi kwa wateja wa majumbani na kwamba, kwa hali yoyote, DDNS ni virusi. Nikamshukuru nikaweka simu chini.

Ikiwa nawe umefungiwa njia hiyo, na ile ya kisambaza waifai haikufai, malango yote mawili yatabaki, na kazi itakuwa tatu: kumfundisha tarishi, kufungua njia katika malango yote, na kuzifunga nambari za ndani zisihame.

Tarishi hufundishwa kwa kuambiwa asitazame nambari ya ruta yake bali aulize nje. Ruta nyingi nzuri zina chaguo la namna hiyo katika ukurasa wa DDNS: kwenye programu ya OpenWrt chanzo cha anwani huwekwa "web" badala ya "network", na kwenye Asuswrt-Merlin huchaguliwa njia ya nje badala ya ile ya ndani, mwenye kutumia programu ya ddclient katika kompyuta ndogo naye huandika kwamba nambari itafutwe katika wavuti. Kisha mwekee muda wa kuamka. OpenWrt huamka kila dakika 10 pasipo kuambiwa, na ddclient aghalabu kila sekunde 300, na huo ni muda wa kutosha. Asikushawishi mtu kuweka sekunde 10, kwa kuwa wenye daftari huchukia tarishi abishaye hodi bila ya habari mpya, nao humfungia mlango. Kama ruta yako haina chaguo la kuuliza nje, na zipo nyingi zisizo nalo, usishindane nayo; mzime tarishi wake kabisa ili asiendelee kuandika upuuzi, na uweke mwingine katika kompyuta au katika kinasa picha chenyewe, ambacho mara nyingi kina huduma hiyo.

Soma pia daftari la matukio la ruta, kwani majibu ya mwenye daftari ni mafupi lakini yana maana kamili. Katika desturi iliyoenea, "good" maana yake nambari mpya imepokelewa. "Nochg" ni kwamba hakuna kilichobadilika, na likirudiwarudiwa ni onyo. "Badauth" ni jina la mtumiaji au neno la siri lililokosewa. "Nohost" ni kwamba jina hilo halimo katika akaunti yako. Na "abuse" ni kwamba umekwisha kufungiwa. Ukiona "nohost" kwa jina lililofanya kazi mwaka mzima, kumbuka kwamba huduma za bure zina masharti yake: No-IP, kwa mfano, humtaka mwenye jina la bure alithibitishe kila baada ya siku 30, na DynDNS, iliyowazoesha watu wengi duniani neno hili DDNS, iliondoa huduma yake ya bure mwezi wa Mei mwaka 2014. Na kama daftari la matukio linalalamika juu ya cheti au muunganisho salama, tazama saa ya ruta. Ruta nyingi hazina betri ya saa; umeme ukirudi huamka zikidhani ni mwaka wa zamani, na mpaka zipate saa sahihi kutoka nje, kila cheti huonekana kwao hakijaanza kutumika.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe, ambayo ndiyo ilikuwa nusu ya pili ya taabu yangu. Nilikwisha kumfundisha tarishi, na jina likajibu nambari iliyo sawa kabisa na nambari ya tatu kwenye karatasi yangu; nikampigia mpwa wangu kwa furaha, naye akajibu kwamba bado haoni kitu. Poti, yaani zile nambari ambazo kila huduma husikilizia yake, lazima zielekezwe mara mbili. Tuseme kinasa picha kina nambari 192.168.50.20 na kinasikiliza poti 443, na wewe umechagua poti 8443 kwa wageni wa nje: ruta ya kampuni sharti iagizwe kuipeleka 8443 kwenye 192.168.1.2, ambayo ndiyo wajihi wa ruta yako, na ruta yako iagizwe kuipeleka 8443 hiyo kwenye 192.168.50.20, poti 443. Ukiagiza moja ukaisahau nyingine, ni kama kufungua geti la uani na kuacha mlango wa nyumba umekomewa. Kazi ya UPnP, ambayo kwayo vifaa hujifungulia poti vyenyewe, isikudanganye: kifaa huiomba ruta iliyo karibu nacho, nayo hukifungulia, wala haipelekei ombi ruta iliyo mbele yake.

Mpwa wangu alikuwa amefanya yote hayo kwa ustadi miezi mingi iliyopita. Lakini katikati ya kazi yangu umeme ulikatika Ngamiani, na uliporudi ruta ya kampuni iligawa nambari zake upya. Televisheni, ambayo iliwahi kuwaka, ikachukua 192.168.1.2, na ruta nyeusi ikapewa 192.168.1.5. Jina la DDNS halikuathirika kwa hilo, kwa sababu tarishi nilikwisha kumfundisha kuuliza nje, lakini poti 8443 ikawa inapelekwa kwa utiifu mkubwa kwenye televisheni. Kwa hiyo, katika ruta ya kampuni, tafuta sehemu ya kuhifadhi nambari za DHCP, yaani huduma igawayo nambari za ndani, na uifungie ruta yako nambari moja ya kudumu. Kisha katika ruta yako ukifungie kinasa picha vivyo hivyo. Hili ni la dakika 5, nami naliona kuwa ndilo lililo muhimu zaidi katika kazi yote ya kuelekeza poti, ingawa miongozo mingi hulitaja mwisho kwa mstari mmoja.

Kama ruta ya kampuni ina sehemu iitwayo DMZ, unaweza kuitaja ruta yako humo, na kila kitu kitokacho nje pasipo agizo jingine kitapelekwa kwake, nawe utabakiwa na lango moja tu la kuliangalia. Wako waogopao neno hilo. Hofu yao ni ya haki pale anayewekwa humo ni kompyuta au kamera. Akiwa ni ruta yenye ukuta wake wa ulinzi, umeirudisha tu kazi ya ulinzi mahali ambapo ungeiweka tangu mwanzo.

Hakikisha pia kwamba malango mawili hayatumii fungu moja la nambari. Ruta zote mbili zikigawa 192.168.1, ya ndani huchanganyikiwa isijue kama 192.168.1.1 ni yeye au ni jirani yake, na matokeo yake ni mambo ya ajabu yasiyofuata kanuni: leo intaneti ipo, kesho haipo. Ibadili ya ndani iwe 192.168.50, au fungu jingine lolote lisilogongana.

Jaribu kutoka nje, na nje ni nje kweli. Ruta nyingi hushindwa kumrudisha mtu wa ndani anayeita nambari ya hadharani ya nyumba yake mwenyewe, na kwa malango mawili kushindwa huko ni jambo la kawaida zaidi. Mtu aliyekaa sebuleni akiita jina lake hatapata jibu, akadhani amekosea, akaanza kuharibu kilichokuwa kimetengemaa. Zima waifai ya simu, utumie data. Kwanza liulize jina kwa amri ya nslookup uone linatoa nambari gani. Likitoa nambari ya zamani, ngoja muda wa TTL wake upite, yaani muda ambao jibu la zamani huendelea kukumbukwa, ambao kwa huduma za DDNS aghalabu ni mfupi, dakika moja au chache. Jina likiwa sawa, ndipo ujaribu poti. Poti ikikataa, jaribu nyingine iliyo juu, kwa kuwa baadhi ya makampuni hufunga poti 80 na 25 kwa wateja wa majumbani.

Lipo jambo moja ambalo sikumruhusu mpwa wangu aliendeleze, nalo ni kukiweka kinasa picha wazi kwa ulimwengu. Tarehe 21 Oktoba 2016 kamera na vinasa picha vingi vya majumbani, vilivyoachwa na maneno ya siri ya kiwandani vikatekwa na programu iitwayo Mirai, vilielekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn, hata tovuti kubwa za Marekani na Ulaya zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Na Dyn hiyo ndiyo iliyokuwa mama wa DynDNS niliyoitaja. Vifaa ambavyo watu walivifungulia njia ili wavitazame kwa mbali viliungana kumpiga mtunza majina. Kwa hiyo zile poti 8443 tulizifuta zote mbili, na badala yake ruta nyeusi, iliyokuwa na uwezo huo, ikawekewa WireGuard, ambayo ni VPN, yaani njia ya siri ipitayo ndani ya intaneti, nayo husikiliza poti 51820 ya UDP na haimjibu asiye na ufunguo, ikawa kama mlango usioonekana ukutani. Faida yake ya pili ni kwamba poti hupelekwa katika ruta ya kampuni peke yake, kwani msikilizaji ni ruta nyeusi yenyewe. Angalia tu usiandike TCP pale panapotakiwa UDP; kosa hilo halitoi ujumbe wowote, ni kimya tu. Na aliyeko Tanzania akumbuke kwamba TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, mwezi wa Oktoba mwaka 2023 ilitangaza kuwataka watumiaji wa VPN wajiandikishe, basi ulizia masharti kabla hujaanza.

Na yule aliyekuta lango la tatu afanye nini? Aiombe kampuni nambari ya hadharani. Nyingine huiuza kwa ada ya mwezi, na ombi la maandishi hufika mbali kuliko la simu. Ikishindikana, atazame kama anapewa nambari za toleo la sita, ambazo ni nyingi mno hata hazihitaji NAT, na kila kifaa huwa na yake. Lakini huko nako ukuta wa ulinzi sharti ufunguliwe kwa kifaa kile tu, na mgeni naye awe na mtandao wa toleo hilo. Ikishindikana hata hiyo, abadili mwelekeo wa safari: badala ya mgeni kuja nyumbani, nyumba ndiyo itoke nje kwenda kukutana na mgeni mahali, ama kwenye seva ndogo ya kukodi yenye nambari yake, ama kwa huduma kama Tailscale. Safari ya kutoka haizuiwi na bawabu yeyote, na katika hali hiyo jina la DDNS halihitajiki tena.

Kazi ya Ngamiani niliimaliza kwa kuzima kila kitu kwa makusudi. Nilichomoa ruta zote mbili na televisheni, nikakaa robo saa nikinywa kahawa, kisha nikawasha zote kwa pamoja bila ya kufuata mpango, kama umeme urudivyo wenyewe. Ruta nyeusi ilipata 192.168.1.2 yake. Nambari ya nje ilikuwa mpya. Baada ya dakika tisa jina nalo likawa na nambari hiyo mpya, na kabla sijainua simu mpwa wangu aliwahi kunipigia kuuliza kwa nini mjomba amekaa kwenye kiti cha mama. Nikaandika kwenye karatasi safi nambari za ndani za ruta zote mbili, fungu la kila moja, poti, na tarehe, bila ya maneno ya siri, nikampa dada yangu. Akaisoma, akasema hakuelewa hata moja, akaibandika ukutani kando ya ile yenye nambari ya mita ya LUKU.